Dola 350 kwa Mrembo wa Memphis

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Marekani ilijikuta na ndege nyingi kuliko mahali pa kuziweka. Zile za kuangusha mabomu zilizorudi salama kutoka Ulaya zilipangwa safu kwa safu kwenye viwanja vya wazi vya bara, zikingoja kukatwa vipande na kuyeyushwa. Uwanja mmojawapo ulikuwa Altus, jimbo la Oklahoma. Hapo, katikati ya chuma chakavu, palikuwa na ndege ya mabomu ya aina ya B-17 yenye namba 41-24485. B-17 zote zilizopata kutengenezwa zilikuwa 12,731, na nyingi mno ziliishia tanuruni au kwenye udongo wa Ulaya. Hii moja ilinunuliwa na mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, meya akiwa Walter Chandler, kwa dola 350. Mwaka 1946 ikarushwa kurudi kwao.

Nimesema kwao, lakini ndege hiyo ilizaliwa Seattle, kiwandani kwa Boeing, umbali wa karibu upana wa nchi nzima. Ilipigana ikitokea Bassingbourn, Uingereza. Kilichoifanya iwe ya Memphis ni maneno mawili yaliyoandikwa puani, Memphis Belle, yaani Mrembo wa Memphis, na picha ya mwanamke kando yake. Hakuna meya angetoa hata dola 3 kwa ajili ya 41-24485. Kisa ninachokichambua hapa ni hicho: jinsi rangi ya makopo machache ilivyoiokoa ndege ambayo chuma chake hakikuwa na upekee wowote.

Tuanze na jina, maana historia yake ni ya kubahatisha kuliko watu wanavyodhani. Rubani Robert Morgan, mzaliwa wa Asheville, North Carolina, alikutana na Margaret Polk mwaka 1942 huko Walla Walla, jimbo la Washington. Morgan alikuwa mafunzoni, na Margaret alikuwa ametoka Memphis kuja kumtembelea ndugu yake. Mapenzi yakawaka. Morgan alikuwa akimwita Little One, kama sisi tunavyosema Kadogo, na ndilo jina alilokusudia kuliandika kwenye ndege. Kisha yeye na rubani msaidizi wake, Jim Verinis, wakaenda kutazama sinema. Ilikuwa Lady for a Night, ya mwaka huohuo, ambamo John Wayne na Joan Blondell wanaigiza, na ndani yake mna meli ya mtoni inayoitwa Memphis Belle. Morgan akalipenda jina, kwa kuwa mchumba wake naye alikuwa mrembo wa Memphis. Kadogo akaachwa.

Picha nayo ikatoka kwingine kabisa. Morgan aliwasiliana na George Petty, mchoraji wa jarida la Esquire, ambaye wasichana wake wenye miguu mirefu na ngozi ya kung'aa walikuwa wamebandikwa kwenye kuta za mabweni ya askari kila mahali. Akamwomba mmoja. Petty akampa msichana aliyekuwa ametokea kwenye toleo la Aprili 1941, miezi kabla ya Morgan kumfahamu Margaret.

Kwa hiyo mwanamke aliye puani si Margaret Polk. Sura si yake, umbo si lake, na hakuwahi kukaa mbele ya mchoraji hata dakika moja. Jina ni la meli ya kwenye sinema, mwili ni wa jarida, na penzi ndilo peke yake lililokuwa la kweli. Hata hivyo maisha yake yote Margaret alitambulishwa kwa watu kuwa ndiye yule. Sijui mtu hujisikiaje kusimama chini ya picha ya mwanamke mwingine huku umati unakupigia makofi wewe.

Aliyeshika brashi ni koplo Tony Starcer, mchoraji wa kundi la 91 la mabomu pale Bassingbourn. Katika vita vile alichora zaidi ya ndege 100 za kundi hilo. Fikiria kazi yenyewe: msichana wa Petty alikuwa karatasi bapa ya jarida, na sasa anatakiwa kukaa juu ya bati la alumini lenye mviringo, lenye misumari ya ripiti iliyopangwa mistari, limepakwa rangi ya kijani ya jeshi iliyofifia, halafu mchoraji mwenyewe yuko juu ya ngazi au jukwaa la mafundi katika upepo wa mashambani mwa Uingereza. Mstari ulionyooka kwenye jarida ukiuhamisha hivihivi kwenye pua ya B-17, kiuno kinavimba na mguu unapinda. Lazima mkono udanganye kidogo ili jicho lione sawa. Wachoraji wa namna yake walikuwa kila kambi, baadhi walilipwa kwa fedha, baadhi kwa chupa, na wengi hawakuwahi kutia saini.

Starcer alimchora msichana huyo mara mbili, pande zote mbili za pua. Upande wa kushoto vazi lake ni la buluu, upande wa kulia ni jekundu. Katika picha za kamera za wakati ule, zisizo na rangi, hutambui tofauti, yote ni kijivu. Waliomjua kuwa ana nguo mbili ni wale waliozunguka ndege kwa miguu.

Na hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Michoro hii haikuwa ya kumtisha adui. B-17 ilikuwa ikienda kwenye urefu wa futi 25,000 hivi, mahali ambapo mate yanaganda na mtu akivua glavu kushika bunduki anapoteza ngozi ya vidole. Kutoka chini ni nukta. Watu wa Lorient, Brest, Saint-Nazaire au Bremen walioangukiwa na mabomu ya ndege hii hawakumwona mrembo wala hawakujua kuwa yupo. Huko Lorient na Saint-Nazaire mabanda ya zege ya nyambizi za Wajerumani yalistahimili, na miji iliyoyazunguka ndiyo iliyobomoka. Picha ilikuwa ya watu wa nyumbani: mafundi waliolala nje wakisubiri ndege irudi, wenzao wa ndege za jirani, na wale 10 waliopanda alfajiri. Ukisikia injini zinakuja na macho yako yakatafuta pua ili ujue ni nani aliyerudi, unatafuta sura. Namba ya serikali iliyoandikwa mkiani huisomi kwa haraka hiyo.

Kurudi hakukuwa jambo la kuzoeleka. Zamu ya mwanaanga wa Marekani katika Jeshi la Nane la Anga ilikuwa safari 25, na katika miezi ile ya mwisho wa 1942 na mwanzo wa 1943, ndege zikienda mchana bila kusindikizwa hadi mwisho wa njia, watu walikuwa wakihesabu vichwa mezani na kuona kwamba 25 ni ndoto. Kundi la 91 peke yake lilipoteza ndege 197 hadi mwisho wa vita, nyingi kuliko kundi lingine lolote la ndege nzito katika jeshi hilo. Jeshi zima la Nane lilizika au kukosa kuzika zaidi ya watu 26,000. Memphis Belle iliruka kwenda vitani mara ya kwanza tarehe 7 Novemba 1942, kwenda Brest. Kila ilipopiga na kurudi, kibomu kidogo kilichorwa ubavuni. Kwa kila ndege ya Kijerumani ambayo wapiga bunduki walidai kuiangusha, ilichorwa alama ya swastika, na zikafika 8. Hizo 8 mimi nazipokea kwa tahadhari, kwa sababu ndege ya adui ikianguka katikati ya msafara wa B-17, bunduki kumi na zaidi hujivunia mzoga mmoja.

Chuma, wakati huo, kilikuwa kikibadilika. Fundi mkuu Joe Giambrone na watu wake walikuwa wakipokea ndege iliyotobolewa na kuirudisha angani: injini zilitolewa zikawekwa nyingine, mabawa yakabadilishwa, mkia vilevile. Kufikia Mei 1943, sehemu kubwa ya kilichoondoka Marekani hakikuwapo tena. Ukiuliza ni nini kilichoifanya iwe ndege ileile, fundi angekuonyesha kibati cha namba. Watu wengine wote wangekuonyesha pua.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Kila mtu anayejua jina hili amesikia kwamba Memphis Belle ndiyo ndege nzito ya kwanza ya Marekani kumaliza safari 25 Ulaya. Si hivyo. Ndege iitwayo Hell's Angels, ya kundi la 303 lililokaa Molesworth, ilimaliza ya 25 tarehe 13 Mei 1943. Morgan na wenzake walimaliza yao tarehe 17 Mei, kwa kupiga Lorient, na baadhi ya safari zao 25 walikuwa wamezifanya katika ndege nyingine. Ndege yenyewe ilitimiza 25 tarehe 19 Mei, ilipokwenda Kiel, nayo ikiwa mikononi mwa rubani mwingine. Kabla ya hao wote kulikuwa na ndege nzito ya aina nyingine, B-24, iitwayo Hot Stuff, ambayo ilikuwa na safari 31 ilipoamriwa kurudi Marekani. Tarehe 3 Mei iligonga mlima nchini Iceland katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 14 akiwemo Jenerali Frank Andrews, kamanda wa majeshi ya Marekani Ulaya. Akapona mmoja, mpiga bunduki wa mkiani.

Kwa nini basi nchi ilimpokea Mrembo na si wengine? Jibu la kwanza ni kamera. William Wyler, mwongozaji mkubwa wa Hollywood aliyevaa sare za jeshi, alikuwa Bassingbourn akitengeneza filamu kuhusu wanaanga, na Belle ndiyo aliyoichagua. Yeye mwenyewe alipanda ndege kwenda vitani, na mwenzake Harold Tannenbaum aliuawa katika kazi hiyo, ndege aliyokuwamo ilipotunguliwa Aprili 1943. Filamu ikatoka 1944, kwa rangi, na picha zake nyingi za angani zilichukuliwa kutoka ndege mbalimbali zikaunganishwa ziwe safari moja.

Lakini kamera ingeweza kuelekezwa popote. Mimi naona, na hili ni la kwangu, kwamba jina na picha ndivyo vilivyomaliza kazi. Jeshi lilitaka ndege ya kuzungusha mijini ili watu wanunue hatifungani za vita, yaani waikopeshe serikali fedha za vita, akina mama waje na watoto, wenye viwanda wapige picha na wanaanga. Utamweleza nini bibi wa kijijini kuhusu Malaika wa Jehanamu? Hilo ndilo Hell's Angels linavyotafsirika, nalo lilitoka kwenye filamu ya Howard Hughes ya mwaka 1930. Jina lingine la wakati ule, Hot Stuff, si la kutangazwa kanisani. Ila Mrembo wa Memphis lina mji, lina msichana, na msichana yuko hai, ana nyumba, anasubiri harusi. Wanawake wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa jambo hili: maandishi ya kanga huitwa jina, na kanga hununuliwa kwa jina lake, rangi hufuata.

Kwamba jina lina uzito wa kweli vitani kulidhihirika mwishoni mwa mwaka uleule, kwa upande mchungu. Tarehe 26 Novemba 1943 katika shambulio la Bremen alitunguliwa na kukamatwa luteni Kenneth Williams, mlenga mabomu, akiwa amevaa koti lililoandikwa mgongoni Murder Inc. Hilo lilikuwa jina la magazetini la genge la wauaji wa kukodiwa la New York, na vijana wa ndege walilichukua kwa mzaha wa watu wanaotazamana na kifo. Wajerumani walimpiga picha, wakaisambaza magazetini: tazameni, wenyewe wanakiri kuwa ni wauaji. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, hakuhitaji kutunga chochote, kazi ilikuwa imefanywa na mtu mwenye brashi katika kambi fulani Uingereza. Baada ya hapo wakuu wa Jeshi la Nane walianza kuyatazama majina kwa jicho jingine. Jeshi la majini la Marekani lenyewe lilikuwa halitaki mambo hayo kwenye ndege zake tangu awali.

Belle iliondoka Uingereza Juni 1943, siku chache baada ya Mfalme George wa Sita na Malkia Elizabeth kufika Bassingbourn na kuwasalimia vijana wake. Tarehe 19 Juni ilitua Memphis, na Margaret alikuwapo. Waandishi wakapata walichokitaka: rubani, mchumba, ndege. Kisha ziara ikaendelea, mji baada ya mji, kiwanda baada ya kiwanda, na wakubwa wa uenezi wakitaka penzi libaki jipya kwa ajili ya magazeti. Penzi halikuhimili. Kabla majira ya joto hayajaisha uchumba ulikuwa umevunjika.

Morgan alioa mwanamke mwingine, Dorothy, akarudi vitani upande wa Pasifiki na ndege ya mabomu ya aina ya B-29 aliyoipa jina la Dauntless Dotty. Hiyo ndiyo iliyoongoza shambulio la kwanza la B-29 juu ya Tokyo, tarehe 24 Novemba 1944. Kihistoria hilo si jambo dogo kuliko safari 25 za Ulaya. Dotty ilizama baharini karibu na Kwajalein Juni 1945 ikiwa njiani kurudi, pamoja na wengi waliokuwamo, na leo ukimtajia mtu jina lake atakuuliza ni nani. Hell's Angels, iliyofika hadi safari 48, iliuzwa kama chakavu mwaka huohuo wa 1945.

Mtu angedhani baada ya kununuliwa kwa dola 350 Belle ilitunzwa kama yai. Ilisimamishwa nje, kwenye jengo la walinzi wa jimbo, ikanyeshewa na kuchomwa na jua kwa miongo. Watu walipanda ndani wakang'oa saa za rubani, swichi, chochote kilichotoka. Mji ulijivunia jina na kusahau mwili, jambo ambalo nimeliona kwa makaburi ya masheikh na nyumba za washairi huku kwetu pia. Waliokuja kuihangaikia walikuwa wachache, na mmoja wao, ajabu ya mambo, alikuwa Margaret Polk. Alikuwa na kila sababu ya kutotaka kuiona tena. Badala yake alitoa muda na jina lake kwa chama kilichochangisha fedha za kuikarabati. Mwaka 1987 ikapata banda kwenye Mud Island, kando ya mto Mississippi, na sherehe ikafanyika tarehe 17 Mei. Margaret alifariki 1990. Morgan, aliyebaki rafiki yake, alifuata 2004.

Banda nalo halikutosha, maana lilikuwa wazi kwa ndege wa kweli na unyevu wa mto. Oktoba 2005 ilipelekwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, Dayton, jimbo la Ohio, si bila manung'uniko ya watu wa Memphis. Mafundi na wafanyakazi wa kujitolea walitumia zaidi ya saa 55,000 kuirudisha katika hali yake. Ilipofunuliwa tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili tangu safari ya Lorient, iliwekwa mahali palipokuwa pakionyeshwa B-17 ya Shoo Shoo Baby. Nayo hiyo ilikuwa ya kundi la 91. Mchoro wake wa vita uliwekwa na Tony Starcer, na ndege hiyo ilipokarabatiwa aliitwa mzee mwenyewe, miaka zaidi ya 30 baadaye, akauchora tena kwa mkono wake kabla ya kufa mwaka 1986. Mrembo mmoja wa Starcer alimpisha mwingine.

Wakati wa ukarabati huo wa Dayton, rangi za tabaka kwa tabaka zilipokwanguliwa, mafundi walikuta kwenye alumini maandishi ambayo hayakuwa ya kiwanda wala ya jeshi. Yalikuwa majina ya watu, mamia, na vijisalamu, yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Ni wale waliokuja kwenye ziara ya hatifungani mwaka 1943: wafanyakazi wa viwandani, wake za askari, watoto walionyanyuliwa mabegani. Waliruhusiwa kuandika, wakaandika. Kisha rangi ikapakwa juu yao, ikapakwa tena, na majina yakakaa chini ya rangi miaka yote hiyo, mengine karibu kabisa na miguu ya msichana wa Petty.